Rezo ikijaa, nani anapita mbele?

Kila mwisho wa mwezi, Kolwezi sawa Likasi, tunasikia malalamiko yale yale: mishahara imetoka, telefone inaonyesha barre zote, unite iko, lakini simu haitoki. Mama anapiga mara tatu, mara ine, rezo inakataa. Wengine wanasema unite inaibiwa, wengine wanasema antene imekufa. Mara mingi si moja wala nyingine. Antene iko nzima, ila mlango wake ni mdogo na watu wote wamefika kwa wakati mmoja.

Tueleze namna inavyokwenda. Antene iko na njia mbili. Kuko njia kubwa, ile sauti yenu inapita. Kuko na njia ndogo, ya amri: pale njo telefone inaomba nafasi, na antene inajibu "pita huku" ao "ngoja". Hakuna simu inayotoka bila kupita kwanza njia ndogo. Ni sawa pwantaje ya asubuhi: uwanja wa ndani unaweza kuwa mtupu, lakini kama kidirisha cha pwantaje kimejaa watu, hauingii kazini.

Tuchukue rezo ya 2G, ile inayotumiwa na telefone ndogo za mabuto. Wimbi moja linagawanywa nafasi 8. Kwenye antene ndogo, mara mingi nafasi moja ni ya antene kujitangaza, nafasi moja inakatwa vidirisha 8 vya amri, na nafasi 6 zinazobaki ni za sauti. Antene kubwa ziko na mawimbi zaidi, lakini hesabu ni ya namna hiyo.

Kuko jambo ambalo wengi hawalijui: mesaje fupi na menu ya kutuma makuta zinapita pia kwenye ile njia ndogo. Ndiyo sababu mesaje moja inaishia herufi 160. Ilipimwa iingie mahali pa amri. Kuomba simu kunashika kidirisha kwa sekunde chache tu, kisha mtu anahamia njia kubwa. Lakini mwenye kufungua menu ya makuta anakishika mpaka amalize: achague, aandike nimero, aandike kiasi, akumbuke kode yake ya siri. Watu 8 wakifanya hivyo pamoja chini ya antene ndogo, wa 9 hapiti, hata kama anaita nyumbani kusema mtu ameumia. Kwa antene, ombi lake ni ombi kama lingine.

Je, rezo haiwezi kutofautisha? Inaweza. Kila karte SIM iko na klase yake. Sisi watu wa kawaida tuko katika klase 0 mpaka 9. Ya 10 ni ya simu za hatari. Za 11 mpaka 15 zimewekwa kando kwa wafanyakazi wa rezo, usalama, maji na umeme, na waokoaji. Antene ikilemewa, kampuni inaweza kufungia kwa muda klase za kawaida na kuacha zingine zipite. Kwenye 4G, kila huduma inapewa namba ya zamu, na namba ndogo njo inatangulia: sauti inayopita ndani ya 4G ni 2, intaneti ya kawaida ni 9. Kuko hata redio ya kazi za hatari, ile ya kubonyeza na kuongea: namba yake ni 0.7, mbele ya simu zote za kawaida. Basi chombo kiko. Kukitumia ao kukiacha, hiyo ni kazi ya watu, si ya mashine.

Hapo njo mambo yanagusa mugoti. Kibali, kule Haut-Uélé, mashine za kubeba mawe zinafanya kazi chini ya udongo, na mwenye kuziongoza ameketi juu. Mashine ya namna hiyo haiwezi kungoja zamu: amri ya kusimama ikichelewa, inaua. 5G, ambayo kanuni zake za kwanza zilitoka 2018, inaruhusu ujumbe wa haraka uingie katikati ya nafasi ambayo mwingine alikwisha kupewa. Ni jambo zuri. Lakini rezo ile ile inaweza kubeba pia kamera, vipimo vya hewa, na redio ya mtu aliye chini. Kama orodha ya zamu inaandikwa na wakubwa wa uzalishaji peke yao, mashine itapewa mbele, kamera itafuata, na sauti ya mfanyakazi inaweza kubaki kwenye 9.

Sisi hatukatai mashine. Tunasema orodha ya zamu ni jambo la usalama sawa kofia na hewa, na isiachwe kati ya muuzaji wa rezo na ofisi ya kompyuta. Madelege wa sendika waulize maswali matatu. Redio ya mfanyakazi iko na namba gani, na mashine iko na gani? Rezo ikilemewa, nini inakatwa kwanza, na walijaribu lini? Antene ikizimika kabisa, kuko telefone ya waya chini?

Mjini pia kuko la kudai. Nafasi moja ya sauti ikigeuzwa inatoa vidirisha 8 vya amri. Inapunguza mwongeaji mmoja, lakini inafungua mlango, na mara mingi inafanywa ofisini bila kujenga antene mpya. Makampuni ya telefone yanajua tarehe za mishahara, na ARPTC iko na haki ya kuwauliza. Wenye kulipa nao wanaweza kugawanya siku za malipo.

Nyumbani, mambo mawili yanasaidia. Andika nimero na kiasi kwenye karatasi kabla ya kufungua menu. Na simu ikikataa, ngoja nusu dakika mbele ya kurudilia: kila unapobonyeza, ni mtu mmoja zaidi kwenye foleni.