Nguo ya kazi inunuliwe na patro, siyo na mtoto

Mboko. Julai na Agosti, wanafunzi wa sekondari hutafuta kazi yao ya kwanza: restora, duka, kibanda cha kutuma pesa. Halafu patro anasema: njoo na shati jeupe, suruali nyeusi, viatu vya kufunga. Asiye navyo anakopeshwa, na mshahara unakatwa.

Hiyo si haki. Mtoto aliyekimbia vita kule milimani na nguo ya mwilini tu, viatu hivyo atavitoa wapi? Anatafuta pesa ya sare ya Septemba, nyeupe na bluu. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari wazazi wangali wanalipa. Sasa anunue nyeusi kwanza ndipo apate ya bluu?

Usafi ni lazima, hasa penye chakula. Hapo hakuna ubishi. Lakini sare ya shule iliyofuliwa na kupigwa pasi ni chafu kwa nani? Patro anayependa rangi yake ainunue, ibaki palepale kazini, kijana aivae asubuhi na kuivua jioni. Wanasema mavazi mazuri yanavuta wateja. Wateja wa nani?

Wazazi, muulizeni patro mbele ya mtoto, kabla ya siku ya kwanza: nguo analipa nani?