Daftari la Madeni Halitoshi

Ukipita Pipeline saa moja na nusu jioni, wakati wafanyakazi wa Industrial Area wanaporudi kwa miguu, utadhani hapana mtaa wenye fedha nyingi Nairobi nzima kuliko huu. Kila mlango wa chini wa ghorofa ni duka. Hapa kinyozi, hapa M-Pesa, hapa mama anageuza chapati, hapa kijana anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Katikati ya njia, ambapo hata jua la mchana haliingii kwa jinsi majengo ya ghorofa saba na nane yalivyobanana, mama mboga anakatakata sukuma wiki na wateja sita wamemzunguka. Sarafu zinapokezanwa, simu zinalia kwa ujumbe wa malipo. Lakini mwulize yule mama, "Leo umepata faida kiasi gani?" Atakutajia mauzo.

Nimeuliza swali hilo mara nyingi katika vichochoro vyetu, nikajibiwa hivyo hivyo na muuza omena, na mwenye saluni, na fundi wa simu. "Leo nimepiga elfu nne." Nawaomba ndugu zangu wa Pipeline, na jirani zetu wa Tassia, Kware na Mukuru kwa Njenga, mnisikilize kwa subira, kwa maana jibu hilo linatupotezea jasho letu, na nitajaribu kuonyesha kwa hesabu ni jasho kiasi gani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi tunadhani methali hiyo iliwahusu matajiri wenye mabohari. Nami nasema Pipeline imejaa madaftari. Hakuna kibanda kisicho na daftari la madeni, limekunjwa, lina madoa ya mafuta, limechomekwa nyuma ya gunia la viazi. Ndani yake mna nambari za vyumba: ghorofa ya tano, chumba cha tatu, nyanya na vitunguu, shilingi 70. Ghorofa ya pili, unga na mafuta ya kupima, 160. Anayeandika haya anajua kusoma, anajua kujumlisha, na kila jioni anapata muda wa kuandika. Kwa hiyo wale wanaosema hawakusoma au hawana nafasi wanajidhulumu. Wameandika wanachodai watu. Hawajaandika kile biashara yao inachowapa na kile inachowanyang'anya.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mama mboga anauza vitu vya shilingi 4,000 kwa siku. Alfajiri saa kumi amekwisha fika soko la Marikiti, akanunua bidhaa za 2,700. Kubebewa mzigo na nauli ya matatu, 250. Kodi ya kibanda ikigawanywa kwa siku, 100. Mifuko, maji ya kuoshea mboga na mengineyo, 50. Zimebaki 900. Katika yale mauzo, 300 zimeandikwa katika daftari la madeni, na tuseme hazitarudi, kwa sababu Pipeline mpangaji akishindwa na kodi ya nyumba huhama usiku, na deni la nyanya huhama naye. Zimebaki 600. Hizo 600 ndizo faida, na ndizo mshahara wa mama huyo kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tatu usiku. Ni saa kumi na saba za kazi. Gawanya: hazifiki shilingi 36 kwa saa.

Sasa tazama hatari iliyopo. Mfukoni ana shilingi 3,700 na zake kati ya hizo ni 600. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mfuko unasema zipo. Kukiwa na msiba kijijini, mfuko unasema zipo. Akitoa 1,500, ametoa 600 zake na 900 za bidhaa za kesho. Kesho atanunua kreti pungufu, keshokutwa wateja watamkuta na meza yenye mapengo wahamie kwa jirani, na baada ya wiki tatu mtasikia kwamba mama fulani amefunga. Watu watasema biashara ni mbaya, au jirani ana kijicho. Mtaji uliliwa, na mwenyewe hakuona siku ulipoliwa.

Si Pipeline peke yake. Mwaka 2016 Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa biashara ndogo na za kadiri nchini Kenya. Zilihesabiwa takriban milioni 7.4, nazo zilikuwa zimewapa kazi watu wapatao milioni 14.9, yaani watu wawili kwa kila biashara, mwenyewe na mmoja wa kumsaidia. Milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Katika miaka mitano iliyotangulia, biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, na karibu nusu yake hazikumaliza mwaka wa kwanza. Ukiuliza chanzo, kilichotajwa na wengi ni ukosefu wa fedha za kuendeshea kazi. Mimi nikisoma jibu hilo namwona mama aliyetoa 1,500 kutoka mfuko ambao zake ni 600 tu. Fedha za kuendeshea kazi alikuwa nazo. Alizitumia akidhani ni faida.

Takwimu hizo tunazozisoma magazetini zinatoka wapi? Zinatoka kwetu. Afisa wa takwimu anasimama mbele ya kibanda na kuuliza mapato ya mwezi uliopita, na asiye na daftari anakumbuka, na anayekumbuka anakisia. Kisha mipango ya serikali inajengwa juu ya makisio hayo. Tusishangae basi sheria zikija na vipimo visivyotutosha.

Nitatoa mfano, nao ni mzito. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012 inaipima biashara ya daraja la chini kabisa kwa wafanyakazi wasiofika kumi na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Mama wetu wa 4,000 kwa siku, akifanya kazi siku 300, ameuza 1,200,000. Kwa mauzo ameshalipita daraja hilo, naye anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa! Tena ameingia katika kodi ya mauzo, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25. Asilimia 3 ya 1,200,000 ni 36,000. Faida yake ya mwaka mzima, 600 mara siku 300, ni 180,000. Kwa hiyo anadaiwa moja ya tano ya faida. Ni siku sitini za kuamka saa kumi alfajiri.

Lakini sheria ya kodi ya mapato ina mlango ambao wachache wanaujua. Anayetozwa kodi ya mauzo anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba hataki kupimwa kwa mauzo, apimwe kwa faida kama walipa kodi wengine. Faida ya 180,000 ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Katika utaratibu wa kawaida, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi zinatozwa asilimia 10, na kila mlipa kodi mkazi anapewa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye 15,000 hana cha kulipa. Mlango huo una bawabu, naye anaitwa daftari. Utaambiwa uonyeshe hesabu za kununua na kuuza, na risiti zake, na tangu Januari 2024 gharama nyingi zinatakiwa ziwe na ankara za kielektroniki za eTIMS. Najua kuipata ankara ya namna hiyo Marikiti kabla ya mapambazuko ni shida, na hilo serikali inapaswa kulitazama kwa haki. Hata hivyo asiye na kitu chochote kilichoandikwa hawezi hata kulifikisha lalamiko lake mezani.

Hapo ndipo nataka kuwajibu wanaoogopa mamlaka ya kodi, KRA. Wanasema, "Tukiandika, KRA watatuona." Ndugu, simu yako imekwisha kukuandika. Kila malipo ya Lipa na M-Pesa na Pochi la Biashara yanaweka kumbukumbu ya fedha zilizoingia. Fedha taslimu ulizotoa Marikiti, ulizompa mbebaji wa mzigo, na zile nyanya zilizooza chini ya meza, simu haizijui. Rekodi ya simu inaeleza mauzo yako na kunyamaza kuhusu gharama zako. Usipoandika upande wa pili, umeacha shahidi mmoja tu azungumze.

Na mikopo je? M-Shwari, mkopo wa simu, ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 750 kwa mkopo wa 10,000. Hustler Fund, mfuko wa serikali, ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na ukirudisha 10,000 katika siku 14, riba hiyo ni kama shilingi 31. Anayejua faida yake ni 600 kwa siku anaona mara moja kwamba mkopo mmoja unamla zaidi ya siku nzima na mwingine haumli hata saa moja. Asiyejua anakopa kwa yule anayejibu haraka zaidi, kisha anakopa tena ili kulipa.

Kuna jambo jingine linaloniumiza ninapolitazama. Mtu akifungua kinyozi na wateja wakapanga foleni, mwezi unaofuata vinyozi vitatu vimefunguliwa njia hiyo hiyo. Tunaiga foleni kwa sababu foleni ndiyo takwimu pekee tunayoiona. Lau yule wa kwanza angesema wazi kwamba baada ya stima, kodi na mashine iliyoharibika anabaki na kidogo, vijana wawili wangeokoa akiba zao wakatafuta kazi ambayo mtaa unaihitaji.

Basi nashauri hivi. Leo usiku, kabla ya kushusha turubai, geuza lile daftari la madeni na uanze ukurasa wa nyuma. Piga mistari: tarehe, ulichonunua, ulichotumia njiani, ulichouza kwa fedha, ulichouza kwa deni, na ulichochukua kwa ajili ya nyumba. Mstari huo wa mwisho usiusahau. Sukuma uliyopika na sukari uliyobeba ni fedha za biashara zilizohamia nyumbani, ziandikwe hata zikiwa shilingi 20. Usijiandikie uongo ili ukurasa upendeze. Siku ya hasara iandike hasara.

Andika hivyo hadi tarehe tano ya mwezi ipite, mishahara ilipwe, uone mauzo yanavyopanda na yanavyoshuka katikati ya mwezi. Utajua wiki gani usinunue kreti ya pili. Kisha chama chenu kikikutana Jumapili, kabla ya kukabidhiana mchango, kila mmoja afungue ukurasa wake mbele ya wenzake na asome jumla moja tu: faida ya mwezi. Anayeuza 4,000 kwa siku na kubaki na 600 akae karibu na anayeuza 2,500 na kubaki na 700, amwulize hizo 700 alizipataje.