Sabuni Inayokula Pete

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili kabla baba hajarudi kutoka machimboni,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi na ngazi zisizofungwa vizuri. Leo tunazungumza juu ya uso. Najua wako watakaocheka, waseme kuosha uso ni shauri la wanawake na saluni. Waache wacheke, halafu wasome mpaka mwisho.

Hapa Goma uso unapata taabu. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na jua linachoma hata siku ambayo mtu amevaa sweta. Tena tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Tangu moto wa tarehe 17 Januari 2002 ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani, wengi wetu tumejenga juu ya mawe yale meusi, na magari yanayasaga kila siku. Vumbi lake si kama vumbi la udongo. Punje zake zina makali. Ukirudi nyumbani na kujifuta kwa kitambaa kikavu, ni sawa na kupiga uso wako msasa. Kwanza mwaga maji, vumbi lianguke lenyewe, ndipo uguse ngozi.

Usiseme maji ni ghali. Ninajua bei ya bidoni moja ikifika mlangoni juu ya chukudu. Lakini uso hauhitaji bidoni nzima. Lita mbili za maji ya vuguvugu zinatosha.

Kabla ya kununua kitu chochote, ijue ngozi yako. Jioni osha uso kwa sabuni isiyo kali, ukaushe polepole, usipake kitu, ukae kama saa moja. Halafu chukua karatasi laini na nyembamba, uibonyeze juu ya paji la uso, pua na mashavu. Karatasi ikilowa mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikilowa kwenye paji na pua tu, ni ya mchanganyiko, na hiyo ndiyo ya watu wengi. Ikibaki kavu, na uso unajivuta kama ngoma, ngozi yako ni kavu. Na kama kila sabuni inakuwasha, wewe una ngozi nyepesi kuudhika: tumia vitu vichache, na kipya kijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku mbili.

Mwenye ngozi ya mafuta hukosea kwa kudhani kwamba dawa yake ni kusugua. Anaosha mara tano kwa siku, anasugua na punje za sukari, wengine hata kwa unga wa kufulia nguo. Ngozi inaumia na vipele vinazidi. Asubuhi na jioni inatosha, na mara nyingine ukitoka jasho jingi. Mara moja kwa juma unaweza kupaka asali safi kwa dakika kumi na tano, kisha uisafishe kwa maji ya vuguvugu. Mwenye ngozi kavu aponde robo ya avokado iliyoiva, na kwetu Kivu hazikosekani, akae nayo muda huohuo, kisha apake vazelini kidogo uso ukiwa bado na unyevu. Mwenye mchanganyiko atende kila sehemu ya uso kwa haki yake. Ni hayo tu. Limau usipake: maji ya limau juu ya ngozi, halafu jua, yanaunguza na kuacha alama nyeusi kwa majuma mengi.

Wanaume, vipele vya kidevuni vinatoka kwa wembe. Nywele zetu zinajikunja, na zikikatwa chini sana ncha inarudi kuingia ndani ya ngozi. Lainisha ndevu kwa maji ya moto kidogo, nyoa kufuata njia ya nywele, usivute ngozi, wala usirudie mara tatu mahali pamoja. Hili si urembo. Mtu mwenye vipele anaacha kunyoa, na kinga ya vumbi haishiki vizuri juu ya ndevu. Vumbi la mwamba linapita pembeni na kuingia mapafuni, na mapafu hayasafishwi kwa asali. Ukiona vipele havikuachi, mwambie msimamizi wako atafute kinga ya namna nyingine, usikae kimya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kuna sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi ambayo karatasi yake inaonya: vua vitu vya dhahabu, fedha na alumini kabla ya kutumia. Watu wengi wanavua pete, wanaiweka mezani, wanaendelea kujipaka. Lakini wewe mtu wa machimbo, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinachodhuru dhahabu? Unakijua. Ni zebaki, ile wachimbaji wanayomwaga katika mchanga ili ikamate dhahabu, na ambayo mvuke wake tunakatazwa kuuvuta. Inashika pete kama inavyoshika dhahabu ya mtoni. Tunaifungia mlango kazini, nayo inaingia nyumbani kwa dirisha, ndani ya kisanduku chenye picha ya mwanamke mzuri.

Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake nyeusi, ndiyo sababu uso unang'aa. Lakini haibaki juu ya ngozi. Inaingia katika damu na kushika figo. Jambo hili si geni. Mwaka 1972 waganga wa Nairobi walitangaza habari za wagonjwa wao wazima ambao figo zilikuwa zikipoteza protini katika mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wale walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Na si mwenye kujipaka peke yake anayeumia. Zebaki inatoa mvuke chumbani, inashika taulo na mto, na mtoto anayelala kifuani kwa mama anapata sehemu yake. Mimba nayo hainusuriki.

Nchi nyingi za dunia zilikubaliana mwaka 2013 katika mapatano ya Minamata, yaliyopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliharibiwa kwa samaki wenye zebaki. Mapatano hayo yamekataza vipodozi vyenye zebaki. Jirani zetu Rwanda walianza mwishoni mwa 2018 kuyaondoa madukani mafuta ya kuchubua ngozi. Lakini mapatano hayafungui mkoba wa mama anayetoka sokoni. Soma mwenyewe. Ukiona mercure, mercury, calomel au herufi Hg, rudisha. Ukiona onyo la pete, rudisha. Kisichoonyesha kilichomo ndani, rudisha vilevile.

Zebaki ina ndugu zake. Haidrokwinoni, ikipakwa muda mrefu, inaweza kuacha mabaka ya buluu na nyeusi yasiyotoka. Waganga wa Afrika Kusini waliyaeleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku mafuta hayo mwaka 1990. Klobetasoli na betametasoni ni dawa halali za waganga, lakini zikipakwa kila siku kama pomadi zinafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Mtu wa namna hiyo akipata ajali, jeraha linachelewa kupona, na ngozi haishiki nyuzi za kushonea. Na mkorogo, ambao mtu anachanganya mikebe mitatu bila kujua kilichomo, unaweza kuwa na yote pamoja.

Nitasema jambo ambalo halitapendeza kila mtu. Tunawalaumu akina mama bure. Nani anayemsifu binti mweupe mbele ya bibi yake? Nani anayerudi na mshahara na kusema mke wa fulani anang'aa, wewe una nini? Tukikaa na maneno hayo mdomoni, hata maduka yote ya Birere yakifungwa, mafuta yatapita pengine. Na vijana wetu wanaume nao wanajipaka, tusijifiche.

Maoni yangu ni haya: kwenye mkutano wa usalama kabla ya kuingia zamu, mara moja kwa mwezi, wafanyakazi walete makaratasi ya sabuni na mafuta ya nyumbani, yasomwe pamoja na mganga wa kampuni. Tunasoma maandishi juu ya mapipa ya dawa za kazi. Kwa nini tusisome yale ambayo watoto wetu wanalala nayo?

Kama ulikwisha kuanza, usione haya. Yenye zebaki iache leo. Ile ya klobetasoli usiikate ghafla ikiwa umeitumia muda mrefu, maana uso unaweza kuvimba na kuwaka. Mwone mganga akuongoze. Ukiona uso au miguu inavimba asubuhi, au mkojo una povu lisilotoweka, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda na mkebe wenyewe mkononi ili mganga ajue la kupima. Na sabuni iliyobaki usiitupe ziwani wala jalalani, na hasa usiichome, kwa sababu ile ile tunayokatazwa kuchoma zebaki jikoni. Ifunge katika mifuko miwili ya plastiki, iweke mbali na watoto, na umpe mkuu wa usalama.