Mawese ni yetu, ugonjwa ni wetu, utafiti ni wa nani?

Ndugu vijana wa Kalemie, sombe bila mawese mnaiweza? Basi sikilizeni.

Mti wa mawese ni wa kwetu, haukuletwa na mzungu. Ugonjwa wake nao ulielezwa na wataalamu hapa hapa Congo, mwaka 1946: kuvu inayoitwa Fusarium. Inakaa ndani ya udongo, inaingia kwa mizizi, inaziba mishipa ya maji. Majani yanakauka, yanavunjika, mti unakufa ukiwa umesimama. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Ukipanda mche mwingine pale pale, nao unaweza kushikwa. Kinachosaidia ni utafiti: kuambukiza miche ingali kwenye kitalu, kuona ipi inahimili, halafu kugawa mbegu zake.

Malaysia haina ugonjwa huu lakini inauogopa, mbegu za Afrika inazichunguza vikali. Sisi tuko nao, tunalala! Na miti yao mingi ina damu ya Yangambi, ya kwetu. Leo Congo inanunua mafuta kwao. Haya ni mambo gani?

Wakubwa watasema kuna vita, barabara mbovu, kuvu ingoje. Kuvu haingoji. Kwa mama anayekamua mawese, mti ule ndio minervali ya watoto.

Tunadai INERA ipewe pesa, ifike Tanganyika, ipime mashamba. Miche isigawiwe na mtu yeyote, hata shirika, bila kusema imetoka wapi. Na bajeti ya jimbo ionyeshe mstari wa kazi hiyo. Tutaenda kuutafuta.