KIJANA WAKO WA UHANDISI ANAWASIKILIZA WENZAKE? (Sehemu ya 7)

Mama zangu, leo tutoke kidogo kwenye homa na chanjo. Wengi mnaniambia kijana yuko chuo, anasomea uhandisi. Hongereni. Ila zile kazi za kikundi, jamani, mnajua zinafanywaje? Mmoja anakesha, wanne wanaandika majina. Alama sawa kwa wote.

Linanihusu, maana mashine za wodini zinatoka kwa watu hao hao. Wanafunzi wa uhandisi wa chuo cha Rice, Marekani, walianza na pampu za matangi ya samaki, wakaunda mashine ya bei nafuu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Ikajaribiwa hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha hivi: waliowekewa mashine walipona 71 kwa 100, waliopewa oksijeni tu 44. Kati ya hao wamo njiti. Sidhani kama mkesha mmoja peke yake angefika huko.

Kwangu mimi, vyuo viwaache wanafunzi wapimane wenyewe, kwa siri, na alama hiyo ihesabiwe. Uongozi wa kikundi uzunguke. Na kama kifaa ni cha hospitali, muuguzi akae nao tangu siku ya kwanza, siyo kuitwa kwenye uzinduzi kupiga makofi! Sisi ndio tunajua mrija gani unachomoka saa tisa usiku.

Na wewe mama, akikwambia "nilibeba kikundi chote peke yangu", usikimbilie kumsifu. Muulize kwanza wenzake walikuwa wapi, na kama aliwahi kuwauliza wanachokiweza.