Udongo wa Ukambani, Bahari ya Malindi

Mvua ikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka nyekundu. Udongo ule huletwa na Mto Athi, ambao kwetu ni Sabaki, kutoka nchi za Ukambani. Kwa hiyo kazi ya kuzuia mmomonyoko huko Kathonzweni, Makueni, yatuhusu.

Kazi hiyo Wakamba huifanya kwa mwethya, yaani ushirika wa kijiji. Sasa nauliza: ikiwa mhifadhi anayewaongoza ni mwanamume apendaye wanaume, naye hajifichi, itakuwaje? Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kuwa watu hao wana haki ya kusajili shirika lao. Lakini kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, bado chatoza tendo lenyewe jela miaka 14. Chama halali, tendo jinai! Mjini mtu huhama mtaa. Kijijini akisusiwa, mwethya huvunjika, na udongo waja zake.

Hukumu ya dini yetu naijua, wala siibadili. Lakini Sura ya Hujurat nayo imekataza kupelelezana. Hesabu yake tumwachie Mola. Yeye tumwachie jembe lake.