Katika Kuchagua Bastola ya Shabaha, Mkono Utangulie Jicho

Miongoni mwa watu wapendao kulenga shabaha kwa ajili ya burudani, wako wengi ambao nyoyo zao zimetekwa na bastola za zamani, zile zijipakiazo zenyewe na kufyatua risasi moja tu kwa kila mvuto wa kidole, zilizobuniwa baina ya mwisho wa karne ya 19 na Vita Vikuu vya Pili. Na mapenzi hayo si ya kulaumiwa, kwa kuwa vyombo hivyo viliundwa kwa chuma na mbao na mafundi walioijua kazi yao, navyo vina haiba ambayo bastola za leo zenye mipini ya plastiki hazikuirithi. Ninalolilaumu ni namna ya kuchagua, kwani mnunuzi aghalabu huchagua kwa jicho na kwa hadithi, akausahau mkono utakaokishika chombo na mfuko utakaokinunulia risasi. Rai yangu ni kwamba mtu ambaye muradi wake ni karatasi ya shabaha, wala si vita wala makumbusho, bastola yake ya kwanza yafaa iwe ya risasi ndogo ya .22 yenye umbo la kale, na zile zenye majina makuu zimsubiri.

Na tuanze na iliyo mashuhuri kuliko zote. John Moses Browning, mwana wa fundi bunduki, aliyezaliwa Ogden katika jimbo la Utah mwaka 1855, ndiye aliyeibuni bastola ambayo jeshi la Marekani liliipokea tarehe 29 Machi 1911, na kwa sababu hiyo huitwa M1911 hadi leo. Kabla ya kupokewa ilifyatuliwa risasi 6,000 katika majaribio pasipo kukwama, ilhali mshindani wake, bastola ya Savage, alikwama mara nyingi. Kisha ikadumu kuwa silaha rasmi ya kiunoni mwa askari wa Marekani hata mwaka 1985. Walakini sifa hizo ni sifa za vitani. Risasi yake ya .45, ambayo tonge lake la risasi hukaribia gramu 15, ilitakiwa nzito na wanajeshi ili imwangushe adui, na uzito huo hauongezi hata chembe ya usahihi katika kutoboa karatasi iliyo mita 15 mbele ya mlengaji. Kinachoongezeka ni kishindo cha mkononi na gharama ya kila mfyatuo.

Tena jeshi lenyewe lilikuja kukubali ya kuwa mkono ndio hakimu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mafundi waliirudia bastola hiyo, wakakifupisha kifyatulio, wakaupunguza mwili wa bastola nyuma yake ili kidole kifupi kikifikie, na wakaurefusha mkia wa kifungio cha usalama kilichomo mpinini ili nyundo, irudipo nyuma, isiume nyama iliyo baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ikiwa dola lenye maelfu ya askari lililazimika kuibadili silaha kwa ajili ya viganja vya watu wake, vipi mtu mmoja anunuaye kwa raha yake mwenyewe adharau kipimo cha kiganja chake? Dosari kama hiyo ya kuuma mkono imo pia katika Browning ya mwaka 1935, ambayo bwana huyo aliianza na Dieudonné Saive akaikamilisha huko Ubelgiji baada ya kifo cha mwalimu wake. Nayo hubeba risasi 13 katika magazini yake, sifa njema kwa askari, ila kwa mlengaji wa burudani ambaye anao wasaa wa kupakia upya haina uzito mkubwa.

Ya pili kwa umaarufu ni ile ya Georg Luger, ambayo Uswisi iliipokea mwaka 1900 na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908. Mpini wake ulioinama huelekeza mtutu kwenye shabaha bila taabu, na kiungo chake kinachokunjuka kwenda juu kila ifyatuliwapo ni ajabu ya uhunzi ambayo mtazamaji hachoki kuitazama. Lakini chombo hicho huchagua risasi, kwa maana iliyo dhaifu hushindwa kukifungua kiungo hicho sawasawa. Na fauka ya hayo, sehemu zake ndogo ndogo zilipigwa muhuri wa namba, na wakusanyaji wa vitu vya kale hulipa fedha nyingi pale tu namba hizo zinapoafikiana. Kipande kimoja kikivunjika uwanjani, kikabadilishwa kwa kingine, thamani iliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 100 huporomoka kwa alasiri moja. Bastola ya namna hiyo ni amana ya historia, na mwenye kuipenda kwa dhati huiacha ipumzike.

Basi mlengaji ahitaji nini? Ahitaji kufyatua mara nyingi, kwa utulivu, pasipo hofu. Adui mkuu wa shabaha ni kule kushtuka kabla ya mlio, ambako mwenyewe hakutambui. Na walimu wenye hikima hukufichua kwa kuchanganya risasi bandia na za kweli ndani ya magazini, ili mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi mtutu unavyozama ilhali hakuna kilicholia. Tabia hiyo huzaliwa na kishindo kikubwa kilichoonjwa mapema mno, na dawa yake ni risasi ndogo. Ile ya .22, iliyotoka Marekani mwaka 1887, hurusha tonge la gramu 2.6 hivi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya .45, hata mwenye kipato cha kadiri aweza kufanya mazoezi kila juma bila kuidhulumu nyumba yake.

Atakayesema kwamba .22 ni kichezeo cha watoto na ya kuwa haina nasaba, ajibiwe kwa tarikhi. Browning huyo huyo ndiye aliyeibuni Woodsman, bastola ya .22 iliyotolewa na kiwanda cha Colt kuanzia 1915 hata 1977, hivyo aipendaye kazi ya fundi huyo hahitaji kuiacha. Mwaka 1931 Colt walileta Ace, ambayo ni umbo la M1911 lililofanywa kwa risasi ya .22, kusudi watu wajifunze kwa gharama ndogo. Na mwaka 1949 William Ruger na mwenziwe Alexander Sturm walianza kuuza, kwa dola 37.50, bastola ya .22 ambayo mpini wake na mtutu wake mwembamba humkumbusha mtazamaji ile ya Luger. Kizazi chake cha nne, kilichotoka mwaka 2016, kikaondoa lawama ya zamani kwa kufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja, ambapo zile za kabla yake ziliwatoa watu jasho kuziunga tena. Na katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 hupigwa kwa .22, wala hapana amwitaye bingwa wake mtoto.

Mpiga udi hausifu udi kwa nakshi zake kabla hajazigusa nyuzi. Kadhalika mnunuzi na aishike bastola kwanza, na huko Marekani viwanja vingi vya shabaha hukodisha, hata hana udhuru. Atoe magazini, avute sehemu ya juu nyuma, akitazame chumba cha risasi kwa jicho lake, kwani kutoa magazini hakuiondoi risasi iliyokwisha kupanda, na kosa hilo limeua watu. Kisha aangalie kama ncha ya kidole yakifikia kifyatulio pasipo kukipinda kiganja, na kama kifyatulio chenyewe chaachia kwa ulaini usiokwaruza. Bastola isiyofaulu hapo aiache, hata ikiwa jina lake lapatikana katika kila kitabu cha vita.

Sheria nayo itangulie fedha. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997, .22 zikiwamo, baada ya mauaji yaliyofanywa kwa bastola katika shule ya Dunblane huko Uskoti. Kenya na Tanzania hakuna amilikiye silaha pasipo kibali cha serikali. Ndugu zetu walioko Marekani wasidhani kwamba wingi wa maduka ni ruhusa: muuzaji mwenye leseni hamuuzii bastola aliye chini ya miaka 21, na aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi mathalan, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho hata kumiliki risasi, isipokuwa kwa idhini chache zilizotajwa, ilhali mwenye ukaazi wa kudumu hakuzuiliwa kwa sababu hiyo.

Akishaizoea .22 hata matundu yake yakusanyike mahali pamoja bila ya kubahatisha, hapo mtu amestahiki M1911, na ningemshauri anunue iliyoundwa karibuni, yenye kizuizi cha ndani kiishikacho pini ya kufyatulia ili chombo kikianguka kisilie, kwani za asili hazikuwa nacho. Atakayeanza na .45 kwa sababu ya fahari atakuwa amenunua jina, na risasi zake zitamwonyesha kwenye karatasi tafauti iliyoko baina ya jina na ustadi.